Matanga ya Kando ya Mto

Mama yangu nilimlilia siku moja tu, na siku hiyo alikuwa hai, amekaa kitandani hospitalini akibishana na muuguzi kuhusu supu isiyo na chumvi. Siku aliyofariki sikulia. Nilikuwa na shughuli nyingi, nawagawia wageni maji ya kunywa. Sisi tuliokulia huku Maryland, Marekani, watoto wa waliokuja, kila mmoja wetu ana jambo ambalo wakubwa walishindwa kumwambia. Hili ndilo langu.

Limenirudia juzi ndani ya lifti ya jengo ninakofanyia kazi, kule mjini, mtaa wa Shaw. Kijana mmoja aliingia na chakula chake cha mchana kwenye mfuko wa karatasi, na kabla mlango haujafungika ikanijia harufu ya bizari nyembamba iliyokaangwa kwenye samli pamoja na kitunguu. Nilishuka ghorofa isiyokuwa yangu. Nilisimama kwenye korido nikijifanya nasoma simu, mpaka lifti iliporudi tupu.

Tulikaa Landover, kwenye jengo la matofali lililopakana na maghala. Baba alipakia maboksi kwenye ghala mojawapo, na Mama alitunza wazee majumbani mwao. Tulikuwa tumetoka Tukuyu nikiwa mdogo, ila si mdogo wa kusahau, na kitu nilichokikumbuka vizuri kuliko vyote ni misiba. Nilikuwa nimekwenda kwenye misiba mingi kuliko sherehe za kuzaliwa. Wakubwa wanadhani msiba humtisha mtoto. Uongo. Kwa mtoto msiba ni watu wengi, masufuria makubwa juu ya mafiga, wali wa kutosha, na hakuna anayekuuliza umeoga saa ngapi. Unakaa chini kwenye mkeka na watoto wenzako, mnakula sinia moja, wanawake wamejitanda khanga, wanaume wanakwenda kuchimba, na kwaya inaimba. Ndivyo nilivyojua dunia ilivyopangwa: watu wengi wakiketi chini wakala bure, kuna mtu amekufa. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwa kula.

Ghorofa ya chini yetu alikaa Babu Jaswant, Singasinga mzaliwa wa Kibos karibu na Kisumu, fundi seremala aliyestaafu. Tulijuana naye kwa sababu ya sauti ya baba yangu. Siku moja Baba alikuwa ananigombeza kwenye ngazi kwa Kiswahili, akiamini kwamba Landover nzima hakuna anayemwelewa, mara mlango wa chini ukafunguka akatokea mzee mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe. "Bwana, mtoto amesikia," alisema, "na mimi pia nimesikia. Sasa mwache akule." Baba alibaki mdomo wazi. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Tangu siku hiyo mzee akawa Babu yangu, na mlango wake ukawa wa pili kwetu. Nilipomwita Babu Kalasinga, kama tulivyowaita watu wake kwetu, Baba alinikanya, lakini mzee mwenyewe alipunga mkono tu. "Hiyo jina mlitupatia nyinyi," alisema. "Tumeshazoea."

Kisha Mama akaanza kuchoka. Hilo ndilo neno nililopewa. "Mama amechoka kidogo." Alichoka akaacha kazi, akachoka akaacha kupika, akachoka mpaka akalazwa hospitali, na kila nilipouliza niliambiwa neno lile lile, huku watu wazima wakinyamaza ninapoingia chumbani. Nilijua kuna kitu. Mtoto akinyamaziwa hujua, sema hajui ni kipi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kinamfanya nini mtoto wa mficha maradhi.

Jumamosi moja, baridi ndiyo kwanza inatuaga, Babu alipanda ngazi kuja kugonga kwetu. Watu wa hekalu lake walikuwa wanakwenda kupanda miti kwenye bustani ya kando ya mto Anacostia, kama walivyofanya kila majira ya kuchipua. Alitaka twende naye. "Mtoto apate hewa," alimwambia Baba. "Nyumba hii imekuwa kama hospitali ingine."

Baba alikuwa ameshika simu mkononi. Alikuwa ametoka kuongea na mtu kwa sauti ya chini, chooni, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Atu," akaniita, "vaa lile gauni la church." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nani anavaa gauni la kanisani kwenda kucheza bustanini?

Ile bustani iko mpaka leo. Njia inapita kando ya maji, maji yenyewe ya rangi ya chai ya maziwa, hayana haraka, na kando kando kuna matete marefu ambamo ndege weusi wenye doa jekundu begani hukaa wakipigiana kelele. Kobe walikuwa wamepanga mstari juu ya gogo wanaota jua. Korongo wa kijivu alisimama kwenye tope mguu mmoja, hataki kuzungumza na mtu. Mahali fulani njia inapanda kidogo, na hapo ndipo Masingasinga walipokuwa wamepanda miti yao ya miaka iliyotangulia, kila familia na wake, na katikati pana jiwe lililochongwa kwa maandishi yao. Herufi zile zote zilining'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Siku nyingine ningemwomba Babu anisomee. Siku hiyo nililitazama lile jiwe nikawaza, ni kaburi.

Maana niliona kila kitu, na kila kitu kilijipanga. Wanaume walikuwa wanachimba kwa sepetu. Wanawake wamejifunika vichwa, wamezunguka masufuria makubwa ambayo mtoto angeweza kuogea, wanasukuma chapati na kukaanga bizari. Mikeka na maturubai yalitandikwa chini, viatu vimevuliwa, rundo zima. Mzee mmoja alipiga kinanda kidogo cha mkono, mwingine anapiga ngoma mbili kwa vidole, na wimbo ulikuwa wa polepole, wenye huzuni, wa kurudia rudia. Mama mmoja nisiyemjua alinijia, akanifunga mtandio kichwani bila kusema neno, akanipapasa shavu. Ni nani humpapasa mtoto asiyemjua shavu, kama si kwenye msiba?

Nilikwenda kuchungulia mashimo. Yalikuwa mengi na madogo. Mama yangu alikuwa mwanamke mrefu, na nilisimama pale nikimpima kwa macho, kichwa hapa, miguu ingekwenda wapi. Nikafikiri labda huku Marekani wanafanya tofauti.

Nilirudi kwa Baba. Alikuwa amesimama peke yake akitazama maji.

"Baba," nikasema, "ni msiba wa nani?"

Angeweza kusema tu kwamba si msiba. Sentensi moja, basi. Lakini nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba simu ile ya asubuhi ilikuwa ya daktari, na daktari alikuwa amemwambia wameshafanya yote wanayoweza. Alikuwa na saa chache tu tangu ameze maneno hayo, na sasa mwanawe anamuuliza, amevaa gauni la kanisani na mtandio kichwani, msiba ni wa nani. Alinitazama, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Sikuhitaji jibu lingine. Nilijitupa chini kwenye nyasi mbichi, kama nilivyowaona shangazi zangu wakijitupa Tukuyu, nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Mama yangu weee! Umeniacha na nani mama yangu!" Nililia kwa ufundi na nililia kwa kweli, vyote pamoja. Niligaragara. Kinanda kikanyamaza. Sepetu zikasimama. Korongo akaruka akaenda zake. Watu walinizunguka wakiongea Kipunjabi na Kiingereza, wakidhani nimeng'atwa na kitu, na mmoja akaanza kunivua soksi kutafuta jeraha.

Babu aliwapasua akafika. Alinishika mabega akanikalisha. "Wewe Atu. Nini? Nani amekuumiza?"

"Mama amekufa na hamniambii!"

"Nani amesema amekufa?"

Nilimwonyesha. Mikeka, masufuria, mashimo, mtandio wangu. Nilimwonyesha wale wazee waliokaa chini kwenye mistari na sahani zao. Babu aligeuza kichwa polepole akawatazama watu wake kama anawaona mara ya kwanza, akaelewa. Alikuwa amezaliwa Kibos. Matanga ya majirani zake alikuwa ameyala vya kutosha.

"Sikiza," akasema, akinifuta kamasi kwa ncha ya shati lake. "Mama yako ako hospitali. Jana nimempelekea chai, amesema ni mbaya. Leo hakuna mtu amekufa hapa. Sisi tunakula hivi kila wiki. Kila mtu anakaa chini, tajiri, maskini, ndiyo mtu asijione mkubwa. Kila mtu anapewa chakula. Tukikaa chini tukikula pamoja, hiyo si kifo. Ni chakula tu. Umesikia?"

"Na mashimo?"

"Ni ya miti, mtoto yangu. Ya miti."

Nilimsikia. Lo, nilimsikia vizuri mno. Alinichukua kwa mkono akanikalisha kwenye mstari kati yake na Baba, na nikala dengu na chapati na wali wa maziwa mpaka gauni likabana. Baadaye nikaungana na watoto waliokuwa wanapita kwenye mistari na maji na karatasi za kufutia mikono, wanainama kwa kila mtu, na mtu hakatai. Nilikuwa na furaha ambayo mtu huwa nayo akifufuliwa mtu wake. Baba hakula. Aliikata chapati vipande vidogo vidogo akaviacha kwenye sahani.

Jioni ile nililia tena, kutaka kwenda hospitali, Baba na Babu wakanipeleka. Mama alikuwa ameketi, mito mgongoni, anabishana kuhusu supu. Nilipanda kitandani nikamwambia, "Mama, leo nimekulilia."

"Umenililia mimi?" Alimtazama Baba, akamtazama Babu aliyekuwa amesimama mlangoni na kilemba chake. "Haya, hebu nieleze. Ulilia kwa sauti?"

"Sana."

"Ulijitupa chini?"

"Ndiyo. Gauni limechafuka."

"Gauni la kanisani, Baba Atu! Na wamepika nini kwenye msiba wangu?"

"Dengu na chapati."

"Hata kipande cha nyama? Wamenidharau."

"Mama Atu," Babu akasema kutoka mlangoni, "ukipona, mimi mwenyewe nitakupikia kuku."

"Babu, mimi ni mgonjwa. Usinitishe na kuku wako, chai yako inatosha."

Alicheka huku ameshika ubavu, na nilicheka kwa sababu yeye anacheka. Kisha akaacha. Alinivuta kifuani, akaweka kidevu juu ya kichwa changu, na maneno yaliyofuata aliyasema akimtazama Baba, nikiyasikia kwa mfupa wa kidevu chake.

"Huyu mtoto ana akili, Baba Atu. Mwambie wewe. Asije akaambiwa na masufuria."

"Nitamwambia," Baba akasema.

Nilidhani wanaongea juu ya safari. Nilifikiri labda tunarudi Tukuyu na wanataka kunishangaza, na nikaamua kujifanya sijasikia ili nisiwaharibie.

Baba alijaribu. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa kwa miaka mingi nilimkasirikia, na sasa nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule, nami nina mtoto. Alijaribu tukiwa mezani, alijaribu kwenye gari nje ya shule injini ikiunguruma. "Atu," alikuwa akianza. "Yes, Baba?" Nami namtazama. Naye anatazama mikono yake. "Umepiga mswaki?" Nilipiga mswaki sana mwaka ule. Kwetu mwanamume alifundishwa kubeba jeneza, kuchimba, kusimama imara mbele ya watu. Kumwambia mtoto ilikuwa kazi ya shangazi, na shangazi zangu wote walikuwa ng'ambo ya bahari.

Siku yenyewe aliyekuja kunichukua shule ni Mama Bea, jirani yetu Mkongo. Alininunulia chipsi njiani, yeye ambaye hakuwa mtu wa kununua, na kila nilipomwangalia aliniita mpenzi kwa Kifaransa chake, "Kula, chérie, kula." Nje ya mlango wetu kulikuwa na viatu vingi. Ndani, makochi yalikuwa yametolewa, na kwenye zulia wamekaa wanawake, Watanzania wa kanisani kwetu na Wakenya wa jengo la pili, wamejitanda khanga. Jikoni kulikuwa na masufuria ya hekaluni, makubwa, na Babu Jaswant mwenyewe amekunja mikono ya shati anakaanga bizari nyembamba kwenye samli.

Kama ningekuwa bado ninajua nilichokijua Tukuyu, ningeelewa mlangoni. Ningeangusha mkoba nikaanguka nao. Lakini nilikuwa nimefundishwa upya, na aliyenifundisha alikuwa pale pale anakoroga dengu. Watu wamekaa chini, wanakula pamoja: hiyo si kifo, ni chakula tu. Tena kwetu! Kwa nini waje kwetu? Nikapata jibu, na moyo ukaruka. Mama anatoka hospitali leo.

Basi nikafanya kazi. Niliweka mkoba, nikavua viatu, nikachukua bilauri za maji kwenye sinia nikapita kwenye mistari, nikiinama kwa kila mtu kama wale watoto wa mtoni. "Karibu maji, shangazi. Karibu." Wanawake walipokea na kunishika mkono wasiuachie. Wengine walilia zaidi nilipowafikia, nami nikawatuliza. "Msilie," niliwaambia. "Si msiba. Sisi tunakula tu." Mama mmoja Mkenya alisema, "Aki huyu mtoto," akajiziba mdomo na khanga. Hakuna aliyenirekebisha. Chumba kizima cha watu wazima, wengine walokole, wengine manesi wanaoona kifo kila siku kazini, na hakuna hata mmoja. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Niliporudi jikoni nilichukua sahani safi, ile ya maua, nikapakua wali, nikapakua dengu, nikatafuta kipande cha kuku kikubwa kwa sababu safari hii kuku alikuwepo. Nikanyunyiza chumvi. Halafu nikaifunika kwa sahani nyingine, kama tunavyomwekea chakula mtu aliye njiani, nikaiweka kando ya jiko pasipo na moto mkali.

"Hiyo ya nani?" Babu akaniuliza.

"Ya Mama. Akifika atakuwa na njaa."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Babu alizima jiko. Akaushika ukingo wa kabati, akajishusha taratibu, magoti yakilia, mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akanivuta nikakaa mbele yake.

"Atu. Siku ile kule mtoni nilikuambia hakuna mtu amekufa. Ilikuwa kweli." Aliishika mikono yangu yote miwili. "Leo siwezi kukuambia hivyo."

Nilimtazama ndevu, kwa kuwa macho yake sikuyaweza.

"Nani?"

"Mama yako, mtoto yangu. Asubuhi, wewe ukiwa shule. Baba yako alikuwa amemshika mkono."

Niliwaza mambo ya ajabu. Niliwaza kwamba asubuhi ile nilikuwa na hesabu za kugawanya, na nilizipata zote. Niliwaza kwamba nimewaambia wageni uongo. Machozi niliyangoja, hayakuja, na mpaka leo sijui yalikwenda wapi.

"Sasa chakula hiki nitampa nani?" nikamuuliza.

Babu alifungua mikono yake mikubwa ya useremala, akaitazama, akaifumba.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Wanawake walikunja miguu kumpisha Baba. Alikuwa amefunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini. Alikuja mpaka jikoni, akatuona sakafuni, naye akakaa, mgongo kwenye kabati, magoti yamemfika kidevuni, mtu mzima asiyejua aweke wapi miguu.

"Atu," akaanza. "Atu, Mama..."

Neno likamkwama. Akajaribu tena, likamkwama pale pale. Nikajua kwamba angeendelea kujaribu hivyo mpaka kesho, na kesho kutwa. Nikanyanyuka, nikaichukua sahani kutoka kando ya jiko, nikaifunua, nikaiweka magotini mwake.

"Kula, Baba," nikamwambia. "Mama haji."